Kampuni za intaneti zisishangae takwimu zao zikitiliwa shaka

Kumezuka mtindo miongoni mwa Wakenya ambao huenda wenye kampuni za intaneti wakauona kuwa utovu wa shukrani. Kila kampuni inapotangaza kwamba mtandao wake ulipatikana kwa asilimia 99.9 ya muda wote wa mwezi, au kwamba wastani wa kasi yake umepanda, wananchi huangua kicheko. Kicheko hicho si cha furaha. Ni kicheko cha mtu anayeambiwa kwamba ameshiba ilhali tumbo lake linanguruma. Mwalimu huzisoma takwimu hizo akiwa ameshika rununu, akingojea ukurasa wa Tume ya Huduma za Walimu ufunguke ili ajaze fomu zake za kutathminiwa. Mwanafunzi naye huzisoma akiwa amepanda mlimani kutafuta mawimbi.

Swali tunalofaa kujiuliza ni je, kampuni hizi hutudanganya? Jibu langu huenda likaziudhi pande zote mbili. Naamini kwamba sehemu kubwa ya takwimu hizo ni za kweli, na naamini pia kwamba wananchi wanaozitilia shaka wana kila haki ya kufanya hivyo. Mambo haya mawili yanawezaje kuwa kweli kwa pamoja? Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni kufundisha isimu katika chuo kikuu. Hata hivyo, kadiri ninavyozichunguza taarifa hizi ndivyo ninavyosadiki kwamba tatizo lake ni la lugha kabla ya kuwa tatizo la nyaya na minara.

Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yake mashuhuri iliyochapishwa mwaka 1975, alieleza kwamba watu wanapozungumza huongozwa na kanuni ya ushirikiano. Msikilizaji hutarajia kwamba msemaji atatoa habari za kutosha, zilizo za kweli, zinazohusiana na jambo lililoulizwa, tena kwa namna iliyo wazi. Mtu akikuuliza kama kuna chakula nyumbani nawe ukamjibu kwamba chumvi ipo, hujasema uongo. Lakini umemwacha na njaa, na akigundua kwamba ugali ulikuwapo au haukuwapo kabisa, hatakuamini tena hata utakapomweleza habari za chumvi. Takwimu nyingi za kampuni za intaneti ni majibu ya chumvi kwa maswali ya ugali.

Tuanze na neno dogo ambalo walimu wa Kiswahili hulifundisha bila kulitilia maanani, neno "hadi". Tangazo hudai kwamba kifurushi fulani kina kasi ya "hadi megabiti 20 kwa sekunde". Kwa mujibu wa maana ya neno lenyewe, "hadi" huweka kikomo cha juu tu. Halisemi lolote kuhusu kikomo cha chini. Megabiti mbili zimo ndani ya "hadi 20", nusu megabiti imo, na hata sufuri imo. Lakini msomaji wa kawaida halichukulii tangazo hilo hivyo. Mwajiri akikuahidi mshahara wa hadi Sh40,000, nawe ukapokea Sh4,000 mwisho wa mwezi, utamwona mwajiri huyo kuwa laghai, ijapokuwa sarufi inamtetea.

Waingereza walilipitia jambo hili kabla yetu. Kwa miaka kadhaa, kanuni za matangazo nchini humo ziliruhusu kampuni kutangaza kasi ya "hadi" kiwango fulani ikiwa angalau asilimia 10 ya wateja wangeweza kukifikia. Maana yake ni kwamba wateja tisa kati ya kila kumi wangeweza kukosa kile kilichoandikwa kwa herufi kubwa. Kanuni hizo zilibadilishwa kuanzia tarehe 23 Mei 2018. Tangu hapo, kasi inayotangazwa kwa wateja wa nyumbani sharti iwe inapatikana kwa angalau nusu ya wateja katika saa za msongamano, yaani kati ya saa mbili na saa nne usiku. Matokeo yake yalikuwa ya kufunza. Huduma iliyokuwa ikitangazwa kuwa ya "hadi" megabiti 17 iliibuka ikitangazwa kwa megabiti 10 au 11. Waya uliofikisha intaneti katika nyumba hizo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni sharti la neno, na tarakimu ikalazimika kulifuata.

Neno la pili ni "wastani". Hapa sina haja ya kuwaeleza walimu mengi, kwa kuwa wao wameishi na wastani na kuteswa nao. Tunakumbuka jinsi shule zilivyokuwa zikishindania alama za wastani katika mitihani ya kitaifa, na jinsi baadhi ya shule zilivyoshutumiwa kwa kuwasajili wanafunzi dhaifu katika vituo vingine ili wasishushe wastani. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku kuorodheshwa kwa shule kulingana na matokeo. Mwanauchumi Charles Goodhart alikuwa ameonya mapema, mwaka 1975, kuhusu jambo linalofanana na hilo: kipimo kikishageuzwa kuwa shabaha, huacha kuwa kipimo cha kutegemewa. Yaliyozikumba shule yanaweza kuikumba kampuni yoyote inayojipa alama yenyewe.

Tuchukue mfano mwepesi unaoweza kufanyiwa hesabu ubaoni. Chukulia kwamba kampuni ina wateja kumi. Tisa kati yao wanapata kasi ya megabiti 2 kila mmoja, na mmoja aliye katika jumba la ofisi mjini anapata megabiti 82. Jumla ni megabiti 100, na ukigawanya kwa kumi unapata wastani wa megabiti 10. Kampuni ikitangaza kwamba wastani wa kasi yake ni megabiti 10, imesema kweli tupu. Hata hivyo, hakuna mteja hata mmoja anayepata megabiti 10, na tisa kati ya kumi wanapata sehemu moja ya tano tu ya kiwango hicho. Lau kampuni hiyo ingewapanga wateja wake kwenye mstari kuanzia wa kasi ndogo hadi wa kasi kubwa, kisha ikatangaza kasi ya yule anayesimama katikati, ingelazimika kusema megabiti 2. Hesabu zote mbili ni sahihi. Tofauti ni kwamba moja inazungumza kuhusu kampuni, na ya pili inazungumza kuhusu mteja.

Neno la tatu, na ambalo kwangu lina uzito zaidi, ni "upatikanaji". Niliwahi kuketi katika kamati iliyomsikiliza mwanafunzi aliyechelewa kuwasilisha kazi yake ya mwisho kupitia mtandao. Kwao ni mashinani, mbali na barabara ya lami. Alidai kwamba mtandao ulikatika kwa siku mbili mfululizo. Mwenzangu mmoja katika kamati hiyo akatoa karatasi aliyoipiga chapa kutoka kwa taarifa za kampuni husika: mwezi huo mtandao ulikuwa umepatikana kwa asilimia 99.9. "Takwimu hazina upendeleo," alisema, na kwa maoni yake kesi ilikuwa imekwisha. Kijana yule angepoteza alama zake zote, na pamoja nazo nafasi ya kufuzu mwaka huo.

Niliomba dakika chache tuifanyie hesabu tarakimu ile. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Asilimia 0.1 ya saa hizo ni dakika 43 hivi. Kwa hivyo, mtu akiisoma taarifa ile juujuu, atadhani kwamba kila mteja nchini alikosa huduma kwa muda usiozidi dakika 43 mwezi mzima, na hapo mwanafunzi anaonekana mwongo. Lakini taarifa ile haikuwa ya kila mteja. Ilikuwa ya mtandao mzima. Kampuni yenye minara 1,000 ikipoteza mnara mmoja kwa mwezi mzima, huku minara mingine 999 ikifanya kazi bila dosari, upatikanaji wake utakuwa asilimia 99.9 barabara. Kwa wanakijiji wanaoutegemea mnara ule mmoja, upatikanaji ulikuwa sufuri kwa siku 30. Tarakimu ile ile inaweza kumaanisha dakika 43 za usumbufu kwa kila mtu, au mwezi mzima wa giza kwa watu wachache. Anayeisoma hana njia ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Kamati ilimkubalia mwanafunzi yule, lakini si kwa sababu ya hesabu zangu. Mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani na kwao aliandika barua akithibitisha kwamba naye alishindwa kutuma nyaraka za shule siku hizo mbili. Nilifurahi, ila sikulala vyema. Je, wale ambao hawana mwalimu mkuu wa kuwaandikia barua? Ni wangapi wamekosa kazi, mkopo au nafasi ya chuo kwa kuwa muda wa kutuma maombi ulipita mtandao ukiwa umelala, kisha wakaonyeshwa asilimia 99.9 walipojaribu kujieleza? Hapa ndipo takwimu inapoacha kuwa pambo la kampuni na kuwa shahidi dhidi ya mwananchi.

Jambo la nne ni nani anayepima na anapimia wapi. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Kampuni ikijipima yenyewe, hata kwa nia njema, itachagua mahali, saa na kifaa kitakachoipendeza. Chukua suala la mahali. Vipimo vingi vya kasi hufanywa kwa kutuma data kutoka kwa tarakilishi ya mteja hadi kwa seva fulani na kuirejesha. Seva hiyo ikiwa ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe, kinachopimwa ni kipande cha kwanza cha safari tu. Ni sawa na kupima nguvu za maji kwenye tangi lililo juu ya paa na kutangaza kwamba bomba la jikoni linafanya kazi.

Kipande kile cha pili cha safari kina uzito mkubwa, na historia yetu inashuhudia. Kabla ya kituo cha Nairobi cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, kufunguliwa upya Februari 2002, ujumbe uliotoka kwa mteja wa kampuni moja jijini Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine jijini humo humo ulipitia ng'ambo kwa setilaiti na kurudi. Safari hiyo ilichukua zaidi ya sekunde moja. Kituo kilipoanza kazi, muda huo ulishuka hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipoanza kutumika mwaka 2009, safari ya ng'ambo nayo ikapungua. Hata hivyo, bado ni safari. Mwanafunzi anayesoma majarida ya kitaaluma yaliyohifadhiwa Ulaya anahitaji kujua jinsi safari yote inavyokwenda, wala si kipande cha kutoka nyumbani kwake hadi mjini.

Ndiyo maana mataifa mengine yalikataa kuziachia kampuni kazi ya kujisahihishia mtihani. Uingereza, kupitia mamlaka yake ya mawasiliano, Ofcom, ilianza mwaka 2008 kutumia vifaa vidogo vya kampuni ya SamKnows vilivyounganishwa katika nyumba za wananchi waliojitolea. Vifaa hivyo hupima usiku na mchana, mtu awe ameridhika au amekasirika. Marekani ilifuata na kutoa ripoti yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2011. Aidha, tangu mwaka 2009 kuna mradi wa M-Lab ambao huwawezesha watu kote duniani kupima kasi kwa seva zisizo mali ya kampuni wanayoilipa, na data yake iko wazi kwa mtafiti yeyote, mwanafunzi wa Maseno sawa na profesa wa Princeton.

Pasipo ukaguzi huru, mambo huharibika hata katika nchi zenye sheria kali. Mnamo Februari 2017, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York aliishtaki kampuni ya Charter pamoja na tawi lake lililotokana na Time Warner Cable. Mashtaka yalidai kwamba kampuni iliwauzia wateja kasi ambayo haingeweza kufikiwa, kwa kuwa wengi wao walikuwa wamekodishwa vifaa vya zamani visivyomudu kasi hiyo. Desemba 2018 kampuni ilikubali mapatano ya dola milioni 174.2, ambapo dola milioni 62.5 zilikuwa za kurudishiwa wateja moja kwa moja. Zaidi ya wateja 700,000 walistahili kupokea fedha hizo. Tuseme basi kwamba mteja anayelalamika hawi mchochezi. Wakati mwingine ni dai lake linalomalizikia mahakamani.

Hapa kwetu nako tumewahi kuona jinsi tarakimu mbili za kweli zinavyoweza kupingana hadharani. Mwaka 2018, ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zilionyesha kwamba laini za simu za mkononi zilikuwa zimepita idadi ya watu nchini, yaani zaidi ya asilimia 100. Sensa ya Agosti 2019 ikaja na picha nyingine. Kati ya Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, waliomiliki simu ya mkononi walikuwa asilimia 47.3, na waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6. Nani alidanganya? Hakuna. Mamlaka ilihesabu laini, sensa ikahesabu watu. Mfanyabiashara wa Gikomba mwenye laini tatu ni watu watatu katika ripoti moja na mtu mmoja katika ripoti nyingine. Ubaya ni kwamba katika hotuba na matangazo, "laini" hugeuka kuwa "Wakenya" bila mtu kuuliza, na kijiji kisicho na simu hupotea ndani ya asilimia 100.

Nisije nikaonekana ninawabebea wateja mizigo yao yote. Vipimo vya wananchi navyo vina kasoro. Aghalabu mtu hukumbuka kupima kasi ya intaneti pale anapoudhika. Siku ambazo mambo ni shwari hapimi. Mkusanyo wa vipimo vya hasira huzaa wastani wa hasira. Isitoshe, wengine hupima wakiwa chumba cha tatu kutoka kilipo kifaa cha kusambazia intaneti, huku kuta mbili za mawe zikiwatenganisha nacho, na watoto wanne wakitazama video sebuleni. Kuna pia wanaochanganya megabiti na megabaiti. Megabaiti moja ni sawa na megabiti nane. Faili ya somo yenye megabaiti 150, kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, huchukua dakika mbili kupakuliwa. Mteja anayetarajia sekunde 15 atadhani ameibiwa, ilhali amepewa kile hasa alicholipia. Lakini hata hapa najiuliza, nani alichagua kuuza kwa kizio kimoja huku vifaa vyetu vikionyesha ukubwa wa faili kwa kizio kingine? Kanuni ya uwazi ya Grice ingemtaka muuzaji afafanue.

Shaka ikishaota mizizi, haibaki kwenye kasi na wastani pekee. Mnamo Juni 25, 2024, siku ambayo waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge, mawasiliano ya intaneti yalididimia nchini na katika baadhi ya nchi jirani. Siku iliyotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema kwamba haikukusudia kuzima intaneti. Kampuni zikaeleza kwamba hitilafu ilitokea katika nyaya za chini ya bahari. Wiki sita tu kabla ya hapo, Mei 12, nyaya za EASSy na SEACOM zilikuwa zimekatika kweli katika bahari iliyo upande wa Afrika Kusini, na wananchi wengi waliukubali ufafanuzi huo. Mwezi Juni wengi waliukataa. Nia yangu hapa si kuamua nani alisema kweli siku ile. Ninachosema ni kwamba hitilafu za nyaya za baharini hutokea, na kampuni inayotaka kuaminiwa siku ya msukosuko sharti iwe imeweka akiba ya uaminifu katika siku za kawaida. Kampuni iliyozoea kutupa majibu ya chumvi haina akiba hiyo.

Kuna dhuluma nyingine ambayo mimi, kama mwalimu wa lugha, siwezi kuinyamazia. Tazama mabango yaliyo barabarani na usikilize matangazo ya redio. Ahadi za kampuni hizi hutolewa kwa Kiswahili kitamu, na wakati mwingine kwa Sheng inayowachangamsha vijana. Lakini ukitafuta masharti ya mkataba, au taarifa yenyewe ya utendakazi wa mtandao, mara nyingi utaipata kwa Kiingereza kizito, kwa maandishi madogo. Tunabembelezwa kwa lugha moja na kufungwa kwa nyingine. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 nacho kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma zenye ubora unaofaa, pamoja na habari zinazohitajika ili afaidi huduma hizo kikamilifu. Habari isiyoeleweka na anayeipewa si habari. Ni kelele.

Basi kifanyike nini? Kwanza, Mamlaka ya Mawasiliano iziamuru kampuni kuacha kutangaza wastani wa nchi nzima pekee. Zitangaze kasi ya mteja wa katikati, na kasi ya wale walio mkiani kabisa, katika kila kaunti, saa za msongamano. Pili, upatikanaji uhesabiwe kwa mnara au kwa eneo, na kila kukatika kwa muda mrefu kutangazwe pamoja na mahali, saa na sababu, ili mwanafunzi asilazimike kutafuta barua ya mwalimu mkuu. Tatu, upimaji ufanywe na watu wasiolipwa na wanaopimwa, na data yenyewe iwekwe wazi ili vyuo vikuu vyetu viikague. Nne, mteja asiyepata alicholipia apewe nafuu. Ujerumani, tangu Desemba 2021, sheria inampa mteja haki ya kupunguza malipo iwapo kasi anayoipata ni ya chini mno kuliko ile ya mkataba, na mamlaka ya nchi hiyo imetoa programu ya kupimia inayokubalika kuwa ushahidi. Sioni kwa nini Mkenya astahili pungufu ya hayo.

Walimu na wanafunzi nao wasikae wakingoja serikali. Darasa la hisabati linaweza kupima intaneti ya shule kwa siku 30, mara tatu kwa siku, saa zile zile, na kuandika kila kipimo, kiwe kizuri au kibaya. Kisha wanafunzi watafute wastani, wautafute na ule wa katikati, na wailinganishe kazi yao na tangazo la kampuni. Darasa la Kiswahili linaweza kuyachukua matangazo matano ya vifurushi na kuyauliza maswali manne: Neno gani hapa linaficha kikomo? Tarakimu hii inamhusu nani? Nani aliyepima? Ni jambo gani ambalo halikusemwa? Mwanafunzi atakayeyazoea maswali hayo hatayaacha kwenye intaneti. Atayauliza pia anaposoma takwimu za ajira, za bei ya unga na za matokeo ya uchaguzi.

Kampuni zinazoamini ubora wa huduma zao hazina haja ya kuyaogopa maswali hayo, kwani kizuri chajiuza. Mwezi ujao zitakapotoa taarifa zao, zisitueleze tena jinsi mtandao mzima ulivyofanya vyema. Zituambie mteja aliye mwisho kabisa wa mstari, kule mbali na barabara ya lami, alipata nini.